Mkwe Wangu Kiasi na Betri Iliyokataa Jua

Mke wa mwanangu hajazi kitu. Nililijua hilo asubuhi ya kwanza aliyoniandalia chai katika nyumba hii. Kikombe kilikuja na nafasi ya vidole viwili juu, nikadhani ameonja njiani.

"Mkwe," nikamwambia, "chai imepungua au kikombe kimekua?"

"Haijapungua, Mama. Nimekuachia nafasi ya kupuliza."

Nikapuliza. Haikumwagika hata tone. Nikatafuta kosa lingine, sikulipata, nikainywa kwa hasira.

Ndivyo alivyo. Ndoo ya maji hafikishi ukingoni. Gunia la pumba halishindilii. Hata akicheka, anacheka mpaka mahali fulani kisha ananyamaza ghafla, kama mtu aliyefunga bomba. Mtaa mzima unamwita Kiasi, na yeye anaitika bila kununa.

Mwanangu ni kinyume chake. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, ana mabega kama mlango wa ghala, na dawa yake ya kila kitu duniani ni kukaza. Bolti ikishakazwa, yeye huikaza tena. Aliwahi kunikazia miguu ya kitanda mpaka kitanda kikapanda ukutani, nikawa nalala nimesimama kama ufagio. Basi yeye ni Kaza. Kaza alipomwoa Kiasi, watu walijaa harusini kuliko kawaida, na nusu yao walikuja tu kukisia nani atamshinda mwenzake. Mpaka leo wanakisia.

Kabla ya kuolewa, Kiasi alifanya kazi kwenye kibanda cha kutengeneza simu. Yeye alikuwa wa betri. Watu walimletea betri zilizovimba kama mito ya kulalia, wanalalamika wameuziwa mbovu.

"Si mbovu, Mama," alinieleza siku moja. "Simu inalala kwenye chaji, inaamkia kwenye chaji. Imeshiba zamani, lakini mwenyewe anaendelea kuilisha. Au anaiacha ife kabisa, ndipo aikumbuke. Betri hizi hazipendi kujaa pomoni, wala hazipendi kukauka. Zinapenda katikati."

"Kama wewe," nikamwambia.

Akacheka, akafika mahali pake, akafunga bomba.

Kazi yake siku hizi ni kutotolesha vifaranga. Chumba cha nyuma, kile nilichokuwa naweka jembe na viazi vya mbegu, ndicho kiwanda chake. Humo mna sanduku la mbao lenye dirisha la kioo, alilolitengeneza mumewe. Ndani kuna waya wa kupasha joto, feni ndogo inayonung'unika, bakuli la maji na trei za mayai. Hiyo ndiyo mashine ya kutotoleshea. Inakula umeme usiku na mchana, na huku kwetu umeme wa nguzo haujafika. Nguzo zilikuja mpaka kilima cha pili, zikatutazama, zikageuka zikarudi. Niliziona kwa macho yangu.

Kwa hiyo tunakula jua. Paneli ziko juu ya bati, waya unashuka mpaka kwenye kisanduku kiitwacho kontrola, na kontrola ndiyo inayoilisha betri. Betri yenyewe ni ya lithiamu. Ilipoletwa nilidharau. Kwa umbo ni kama boksi la viatu vya mtu mwenye miguu mikubwa, lakini ukilinyanyua unadhani mwenye viatu bado yumo ndani.

Nilikaa nikamtazama Kiasi akiifunga. Alipomaliza, akatoa simu yake akaanza kubonyeza.

"Sasa unampigia nani?" nikamuuliza.

"Simpigii mtu. Naiwekea betri mipaka. Ikifika tisini katika mia, kontrola itasema basi, haitapokea zaidi. Ikishuka mpaka ishirini, itasema basi, haitatoa zaidi."

"Na hizo kumi za juu ni za nani?"

"Za miaka ijayo, Mama."

"Na ishirini za chini?"

"Hizo hizo."

Mimi nikaondoka nikitikisa kichwa. Lakini adhuhuri nilirudi kuchungulia, maana mimi siwezi kukaa na jambo lisilonihusu bila kulichungulia. Jua lilikuwa limesimama utosini. Bati linalia. Na kile kisanduku kimezima mshale wake wa kupokea. Kimefika tisini, kimekataa. Jua lote lile linamwagika bure juu ya paa, na kitu chenye tumbo kinasema nimetosheka. Nimeishi na wanaume, nimeishi na mbuzi, nimeishi na wakwe. Sijawahi kuona kitu chenye tumbo kikisema hivyo kabla hakijajaa. Nilisimama pale mpaka utosi ukaniwaka. Sikumwambia mtu.

Kaza naye akaingia kwa njia yake. Alikuwa amesikia mahali kwamba betri za namna hii huweza kushika moto, na akaapa kuwa haitalala chini ya paa moja na mama yake. Maneno hayo yalinifurahisha sana. Akaijengea betri kibanda chake cha bati, uani, nyuma ya chumba cha mashine. Ili isiibwe, akaizungushia fremu ya chuma, akaipigilia fremu kwenye sakafu ya saruji kwa bolti nne, kisha vichwa vya bolti akavichomelea.

"Mume wangu," Kiasi akamuuliza, "na siku ya kuitoa je?"

"Ya kuitoa iende wapi?"

"Na baridi?"

"Baridi gani, na jua hili?"

Ilikuwa msimu wa joto. Kiasi akalitazama bati, akalitazama jua, akaingia ndani.

Sasa niwaambie kuhusu baridi ya huku juu, maana si ya mchezo. Kuna mwaka ng'ombe wangu alitoa maziwa ya kukata kwa kisu. Kuna asubuhi kivuli changu kiliganda ukutani, ikabidi niende sokoni bila kivuli, na niliporudi ndipo nikakikuta kinaanza kuyeyuka kuanzia miguuni. Wanaobisha waje mwezi wa saba na shuka moja tuone.

Mwezi huo ulipokaribia, mdondo ukaingia. Ni ule ugonjwa unaompindisha kuku shingo, asubuhi anakula, jioni ameanguka. Ulipita nyumba kwa nyumba kama mtu anayekusanya vyombo vyake. Ulipoondoka, hakukuwa na kuku mtaani, wala sokoni, wala ng'ambo ya kilima. Asubuhi zikawa bubu. Watu walichelewa kuamka, wengine wakawa wanaamka bila kujua kwa nini wana huzuni.

Aliyebakiwa na kuku alikuwa mmoja tu, Mzee wa Bondeni, rafiki wa marehemu mume wangu, ndiyo maana ananiita shemeji. Yeye anaishi peke yake chini kabisa, mtoni, na kuku wake ni wale wa shingo tupu, wa zamani, waliokuwepo kabla ya barabara. Jogoo wao mmoja nilimwona akimfukuza fisi. Ningeshuhudia vizuri zaidi kama na mimi nisingekuwa nakimbia.

Siku moja mzee akapanda kilima na kikapu kilichojaa majani makavu, na ndani ya majani mna mayai. Akakikabidhi kwa mikono miwili.

"Mwanangu," akamwambia Kiasi, "ugonjwa umefika kwangu. Majogoo walianguka jana, na mitetea imeanza kupinda shingo. Haya ndiyo yaliyobaki. Yakifa haya, hakuna tena kuku hawa. Mahali popote. Nimeuliza."

Kiasi akapokea kikapu. Aliyafuta mayai moja moja kwa kitambaa chenye dawa, akayamulika kwa tochi, akayapanga kwenye trei. Tangu siku hiyo nilimwona akitembea ndani ya nyumba kama mtu aliyebeba bakuli la maji kichwani.

Kwa wiki kadhaa mambo yalikwenda sawa. Usiku mashine ilikunywa betri, mchana jua liliirudishia. Kiasi aliyageuza mayai, akayanyunyizia maji, akayamulika tena na kuniita nione. Nilitazama ndani ya yai moja dhidi ya tochi nikaona mishipa myekundu kama mizizi ya mche, na katikati yake kitu cheusi kidogo kinarukaruka. Ulikuwa moyo. Moyo, jamani, ukubwa wa punje ya mtama, na unafanya kazi kama umeajiriwa. Nilimrudishia yai polepole, nikaenda kukaa nje.

Kisha ukungu ukaja. Ulikaa juu yetu kama blanketi bichi, siku baada ya siku, katika zile siku za mwisho ambazo mayai hayageuzwi tena, yanaachwa yatulie yakijiandaa. Paneli zilipata mwanga wa kuombaomba tu. Betri ikawa inatoa zaidi ya inavyopokea. Jioni Kiasi akaniambia, "Mama, njoo usikilize." Tukaweka masikio kwenye mbao za mashine. Ndani ya maganda, wakiwa bado wamefungwa, vifaranga walikuwa wanaitana. Mmoja analia, mwingine anamjibu. Hawajawahi kuonana, hawajawahi kuona chochote, na tayari wana mazungumzo.

"Kesho," Kiasi akasema.

Usiku ule ukungu ulipasuka. Kulipopambazuka mbingu ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa, na nchi yote nyeupe. Jalidi. Majani yalivunjika chini ya miguu kama vioo. Maji ya mbwa yalikuwa jiwe. Nilifurahi kwa sababu niliona jua linachomoza, jua kamili, la kwanza tangu ukungu uje, nikasema leo betri itakula mpaka isahau njaa.

Nikamkuta Kiasi amesimama uani, simu mkononi, uso umekauka.

"Jua limetoka, mkwe! Mbona unaonekana kama umefiwa?"

"Betri haipokei, Mama."

"Imejaa?"

"Imebaki ishirini na nne. Haipokei kwa sababu ya baridi. Ndani yake ni chini ya sifuri. Imefunga mlango yenyewe."

Nikatazama juu ya paa. Paneli zinametameta. Nikatazama kibanda cha bati cha mwanangu, kimefunikwa jalidi, kimekuwa friji lenye kufuli. Jua linabisha hodi, na aliye ndani hafungui.

Kaza akatoka amejifunga blanketi, akaelezwa, akaanza papo hapo.

"Si nilikwambia? Kila siku tisini, tisini! Ungeiacha ijae, leo tungekuwa na zile kumi!"

"Wiki hii haikufika hata sabini, Baba. Ukungu haukuniuliza mipaka yangu."

"Basi tuitoe tuilete jikoni, ipate joto."

Kiasi alimtazama tu. Mimi pia nikamtazama. Kaza akageuka akaviangalia vichwa vya bolti alivyovichomelea kwa mkono wake, akajikuna kidevu.

"Naweza kukata," akasema kwa sauti ndogo.

"Ukate chuma, cheche zinaruka, pembeni ya betri? Na ukiichomoa, mashine inazima. Vifaranga wameanza kutoboa. Nimeona maganda matatu yana nyufa. Joto likiondoka sasa hivi, watachoka humo humo."

"Basi ikubali kuchaji kwa nguvu! Navuta waya kutoka kwenye paneli moja kwa moja mpaka kwenye betri. Naipita hiyo kontrola yako. Dakika mbili tu."

Na tayari alikuwa na koleo mkononi. Huyo ndiye mwanangu, koleo humfikia mkononi kabla ya wazo kumfikia kichwani. Kiasi akaenda akasimama mbele ya mlango wa kibanda. Ni mwembamba, upepo ukitaka unamwazima. Lakini alisimama.

"Hapana."

"Mke wangu, toka."

"Sitoki. Nisikilize. Ukiilazimisha, itakubali. Haitatoa moshi, haitalia, utadhani umeshinda. Lakini betri ya lithiamu ikichajiwa imeganda, ndani yake kunaota vitu kama sindano za chuma. Hazionekani. Zinakaa. Siku moja, wiki ijayo au mwakani, sindano inatoboa, na huo moto uliokuwa unauogopa ndio utakaokuja. Nimewahi kupasua betri za namna hiyo. Nimeziona."

"Na mayai je? Mzee wa Bondeni tutamwambia nini? Kwamba kisanduku kilikataa?"

Hapo Kiasi akafumba macho. Mimi ninayemjua, nilijua amefika mahali ambapo kipimo chake hakimsaidii. Mayai yale yalikuwa ya mwisho duniani, na betri ile ndiyo iliyokuwa inayashikilia, na ikishuka mpaka ishirini itakata yenyewe kama alivyoiagiza.

Akafumbua macho, akatoa simu, akabonyeza.

"Nimeshusha mpaka wa chini," akasema. "Nimeuweka kumi."

Kaza akaduwaa. Mimi nikashika kiuno. Kiasi! Mwanamke asiyejaza kikombe, ameingiza mkono kwenye ghala la miaka ijayo!

"Si umesema hairuhusiwi?" Kaza akauliza.

"Ule mpaka wa chini niliuweka mimi, ili betri iishi sana. Naweza kuusogeza, gharama yake naijua. Huu wa baridi si wangu. Huu ni wa betri yenyewe." Akatulia kidogo. "Kutoa inaweza hata ikiwa na baridi. Kupokea ndiko haiwezi. Basi tuipashe joto polepole, hapo hapo ilipo, kabla haijafika kumi."

Maneno yale yalinipiga. Kitu kinachoweza kutoa kikiwa kimeganda lakini hakiwezi kupokea. Nimewajua watu wa namna hiyo, na mmoja nilimzaa, lakini sikujua kwamba wapo mpaka ndani ya maboksi.

"Tunaipashaje?" Kaza akauliza. "Niwashe jiko la mkaa?"

"Moto hapana! Joto la taratibu. Kama la..." akatafuta neno. "Kama la kuku anayeatamia."

Sote watatu tukatazamana, kwa sababu hapakuwa na kuku hata mmoja mlima mzima.

"Haya, pisheni," nikasema.

Nilivaa sweta mbili na koti la marehemu, nikachukua blanketi langu zito, nikaingia kwenye kile kibanda. Kaza akachemsha maji, Kiasi akayapooza mpaka mkono uweze kuvumilia, akayatia kwenye chupa, kila chupa akaivisha soksi. Tukazipanga pembeni ya betri, zisiiguse. Nikaketi sakafuni, nikaizungushia miguu ile fremu ya chuma, nikaweka kifua changu juu ya betri, na wao wakatufunika sote wawili kwa blanketi mpaka shingoni. Waya zilikuwa zimefunikwa vizuri kwa plastiki. Kiasi alizikagua kwanza, asije akampoteza mkwe na mayai siku moja.

Ilikuwa baridi, jamani. Ilikuwa baridi kama kumkumbatia samaki wa mtoni. Nilihisi inaninyonya joto kuanzia tumboni. Meno yangu, yale yaliyobaki, yalianza kupigiana simu.

"Mama," Kaza akasema, akijitahidi asicheke, "ikitotoa utaiita nani?"

"Nitaiita jina lako, kwa sababu nayo ina kichwa cha chuma. Nenda kachemshe maji."

Kiasi alisimama mlangoni akisoma simu. "Betri, ishirini. Joto, bado chini ya sifuri." Akaenda kuchungulia kwenye kioo cha mashine, akarudi. "Wamefika watano wenye nyufa." Akaenda, akarudi. "Betri, kumi na nane." Sauti yake ilikuwa tulivu, lakini miguu ilikuwa inakimbia.

Mzee wa Bondeni akatokea uani na fimbo yake. Alikuwa amepanda kilima chote juu ya jalidi kuja kushuhudia vifaranga wakitoka. Akakuta nyumba iko wazi, mwanangu anakimbia na birika, na kichwa changu kinachungulia kutoka kwenye blanketi ndani ya kibanda cha bati.

"Shemeji," akasema baada ya kutafakari, "wamekufukuza nyumbani?"

"Naatamia."

"Unaatamia nini?"

"Wajukuu wako."

Akaniangalia, akamwangalia Kiasi. Kiasi akamweleza kwa maneno machache, bila kumficha kitu: jua lipo, betri imeganda, imebaki kumi na sita, ikifika kumi mashine inazima. Mzee akavua koti lake, akalitandaza juu ya blanketi langu, akaketi kwenye kizingiti akiuziba mlango kwa mgongo wake ili upepo usiingie. Alibaki na shati tu katika baridi ile. Nikamwambia atakufa, akaniambia atakufa siku ya Ijumaa, leo ana shughuli.

"Kumi na nne," Kiasi akasema. "Joto, sifuri."

"Si imefika? Ifungue!" Kaza akapiga kelele.

"Yenyewe haifungui mpaka joto lipite tano. Ikae salama."

"Kiasi, jamani, Kiasi!"

"Subiri, Baba."

Jua lilikuwa limepanda, jalidi inadondoka matone kutoka kwenye bati, tik, tik. Chini ya kifua changu kitu kilianza kubadilika. Ule ubaridi wa samaki ulilegea. Nikahisi, na hapa siongezi chumvi, nikahisi ile betri imeacha kuninyonya.

"Kumi na mbili. Joto, tatu."

Kaza alikuwa amepiga magoti uani, birika mkononi, midomo inacheza. Sijui alikuwa anaomba au anahesabu.

"Kumi na moja," Kiasi akasema.

Mzee wa Bondeni alikuwa amefumba macho. Mimi niliikumbatia betri ile kama mtoto mwenye homa, nikawa naisemesha kwa sauti ya chini maneno ambayo nilikuwa sijayatumia tangu Kaza alipokuwa mchanga. Pokea mama. Pokea kidogo tu. Jua ni lako, limekuja mpaka hapa.

Juu ya kichwa changu, kwenye kontrola iliyopachikwa ukutani, kitu kikalia: klik.

Taa ndogo ya kijani ikawaka. Mshale mdogo, ule wa kupokea, ukaanza kutembea.

"Inapokea," Kiasi akasema. Kisha akasema tena, kama hamwamini aliyesema mara ya kwanza. "Inapokea. Mama, inapokea!" Akaketi chini palepale uani, kwenye tope la jalidi, akalia. Hakufunga bomba. Alilia mpaka mwisho, na mumewe akaja akamshika kichwa kwa viganja vyake vikubwa, kwa mara ya kwanza maishani bila kukaza.

Mimi nikabaki pale pale. Nilisema nisitoke mapema, isije ikabadili nia. Betri ilikuwa imeanza kuwa na joto lake yenyewe, jua linaingia, na mzee amenisogezea mgongo. Sijui ni lini macho yalifumba.

Nilipoamka jalidi ilikuwa imekwisha kabisa, jua limegeukia upande wa pili wa bati, na Kiasi amechuchumaa mbele yangu, viganja amevifunga pamoja.

"Sikufungua mashine mpaka wamekauka," akasema. "Wengine hawakutoboa, Mama. Lakini waliotoboa wanatosha. Mzee yuko ndani, amekataa kutoka. Nimekuletea mmoja."

Akafungua viganja. Nilitazama, nikaona kitu cha manjano, cha manyoya mepesi, chenye shingo tupu ya waridi kama kidole cha mtoto. Na nikafikiri: joto lile lilitoka juani, likapita kwenye kioo, likashuka kwenye waya, likakaa ndani ya boksi gizani, likaingia ndani ya yai, na sasa limetoka na miguu miwili na jicho. Mimi nimesimulia mengi. Nimesimulia fisi, nimesimulia kivuli kilichoganda. Hili sikulitunga, na hata ningetaka nisingeliweza.

Nikanyoosha mkono. Kifaranga akapanda kiganjani kwangu, akayumba, akajisimamisha. Akanitazama kwa jicho moja, akageuza kichwa akanitazama kwa la pili, ili awe na hakika.

Kisha akaninyea.

"Huyu," nikamwambia mkwe wangu, "ni jogoo."